Cheo, Kitambi na Miguu: Fikra Zetu Kuhusu Mwili na Afya ya Mtumishi wa Ofisini



Nimeombwa kuzungumzia fikra na mtindo wa maisha katika afya ya mtumishi. Mada za namna hii huishia kwenye orodha: kula mboga, kunywa maji, fanya mazoezi, punguza chumvi. Orodha hiyo kila aliyemo ukumbini anaijua, kwa hiyo nitaipita. Ninalotaka tulijadili ni kwa nini mtu anayeijua, tena msomi, mwenye bima ya afya na mshahara wa uhakika, ndiye anayeanza kumeza dawa za presha akiwa na miaka arobaini na kitu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu Watanzania wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban robo yao wana shinikizo la juu la damu. Jibu langu ni kwamba fikra zinazoamua afya yetu hazikai kichwani mwa mtu mmoja mmoja. Zimo katika salamu zetu, katika maana tunayoipa cheo, na katika ratiba ya ofisi.

Salamu

Mtumishi akirudi likizo amenenepa, ataambiwa, "Umependeza! Maisha yamekukubali." Akirudi amepungua, ataulizwa, "Vipi, unaumwa?" Hata kama amepungua kwa makusudi na kwa jasho lake, itambidi ajieleze mlangoni, ajieleze kwenye chai, ajieleze msibani. Mwisho anachoka kujieleza, anarudi kwenye sahani ya zamani.

Tusiicheke fikra hii, kwa sababu ina historia. Kwa watu waliozoea miezi ya njaa kabla ya mavuno, mwili mnene ulikuwa akiba inayoonekana kwa macho. Kisha ikaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa ule "Slim", yaani wembamba. Tangu hapo hadi dawa za kufubaza virusi zilipoanza kuenea katikati ya miaka ya 2000, kukonda kulikuwa tuhuma. Aliyeuguza na kuzika ndugu zake wakiwa mifupa mitupu hawezi kubadilishwa mawazo na kipeperushi kinachosema unene ni hatari. Na kwa mwanamke mzigo ni mara mbili, maana unene wake huhesabiwa kuwa sifa ya mume anayetunza. Akipungua, ni kama amemshitaki mumewe mbele ya mawifi.

Fikra ya pili iliyomo katika salamu ni kwamba ugonjwa ni kile kinachouma. "Sijisikii vibaya," mtu husema, na presha haimpingi, kwa sababu kwa muda mrefu haiumi popote. Siku kiharusi kinapompiga, wapo watakaosema amechezewa, au ni upepo mbaya. Wengine hufanya kinyume: wakishaanza mazoezi au maombi na kujisikia wepesi, huacha vidonge. Niseme wazi hapa, kwa kuwa nia imo ndani ya mada yangu: nia haichukui nafasi ya dawa aliyoandikiwa mtu. Wapo pia wanaotembea kila siku, wanakula kwa kiasi, na bado wana kisukari au presha kwa sababu ya ukoo au umri. Hao wasisimangwe kwa uzembe wasioufanya.

Ngazi ya cheo

Tazameni jinsi utumishi wetu unavyompandisha mtu. Anaanza akipanda daladala, akitembea kutoka kituoni, akipeleka majalada mwenyewe. Akipanda daraja ananunua gari. Akipanda zaidi anapewa gari na dereva, simu ya mezani, na mhudumu wa kumletea chai pamoja na vitafunwa vyake. Akifika juu kabisa hana sababu ya kuinuka kitini. Kila hatua ya mafanikio imemwondolea hatua kadhaa za miguu, na sisi tunampongeza. Bosi akionekana anatembea kwa miguu barabarani, watu huuliza gari lake limepatwa na nini.

Hili lilipimwa zamani huko London. Daktari Jerry Morris na wenzake walichunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa, ambayo dereva wake huketi zamu nzima huku konda akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Watu hawa walifanya kazi katika basi lilelile na shirika lilelile. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 yalionyesha kuwa makonda waliugua ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na vifo vya ghafla kwao vilikuwa vichache zaidi. Morris hakuridhika. Miaka michache baadaye alikagua vipimo vya suruali za sare, akakuta madereva walikuwa na viuno vinene hata wale vijana, maana yake sehemu ya tofauti huenda ilikuwepo tangu siku ya kuajiriwa. Napenda uungwana huo wa mtafiti kulikagua jibu lake mwenyewe. Hoja ya mwendo hata hivyo haikuanguka. Tafiti nyingi zilizofuata, zikiwemo zake kuhusu watumishi wa serikali, ziliithibitisha. Katika ofisi zetu konda ni yule tarishi anayepanda ghorofa nne kutoka masijala. Tunamwonea huruma, na huenda moyo wake ni mzima kuliko wa mkurugenzi.

Kazi isiyohesabiwa

Mwaka 2007 Alia Crum na Ellen Langer walichapisha utafiti wao wa wahudumu 84 wa usafi katika hoteli saba nchini Marekani. Kundi moja lilielezwa kuwa kutandika vitanda, kusukuma mashine ya usafi na kusugua mabafu ni mazoezi tosha kwa viwango vya madaktari. Kundi la pili halikuambiwa kitu. Baada ya wiki nne, walioelezwa walikuwa wamepungua karibu kilo moja na presha yao imeshuka, ilhali wenyewe walisema hawakubadilisha mwendo wa maisha yao. Mimi naupokea utafiti huu kwa tahadhari. Watu ni wachache, muda ni mfupi, na huenda walioambiwa walisugua kwa nguvu zaidi bila kujijua. Lakini hata maelezo hayo yanaonyesha kuwa jina tulipalo jambo hubadilisha namna tunavyolifanya.

Kwetu, mazoezi yana sare yake: raba, trakisuti, chupa ya maji, picha ya kurusha kwenye simu. Mama lishe anayebeba ndoo, kuchota maji na kusimama tangu alfajiri huambiwa hafanyi mazoezi. Machinga anayezunguka Kariakoo mchana kutwa hali kadhalika. Na mtumishi anayeshuka kwenye mwendokasi kituo kimoja kabla ya ofisi yake haamini kuwa amefanya jambo la kiafya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kadiri, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Dakika 15 za kwenda na 15 za kurudi, siku tano za kazi, zinatimiza.

Hapa kuna kosa la hesabu ninaloliona sana kwenye klabu za jogingi. Watu wanakimbia asubuhi ya Jumapili, kisha wanahamia kwenye supu, chapati tatu na soda, wakiamini wamelipia tayari. Mwili hauhesabu hivyo. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, watu wanaotembea mno kila siku, na mwaka 2012 wakaripoti kuwa nishati wanayotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili, haizidi sana ile ya wakaaji wa mijini wa Marekani na Ulaya. Mwendo unalinda moyo, mishipa na usingizi. Uzito unaamuliwa zaidi mezani. Chupa moja ya soda ina takriban gramu 35 za sukari.

Ratiba

Wengi huamini tatizo ni ukosefu wa nidhamu. Ramadhani inawakanusha. Watu walewale wasioweza kuacha chai ya saa nne hufunga mwezi mzima, kwa kuwa mji wote umebadilika: saa za kula, saa za kulala, hata mazungumzo. (Futari ya sambusa na kaimati ni mjadala mwingine.) Nguvu ile iko katika mpango unaomzunguka mtu.

Ushahidi wa hospitali unaelekea hukohuko. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, uligundua kuwa kubadili mtindo wa maisha kulipunguza wanaopata ugonjwa kwa asilimia 58, na dawa ya metifomini kwa asilimia 31. Waliokuwa katika kundi la kubadili mtindo wa maisha hawakuachwa na kipeperushi. Kila mmoja alikuwa na mshauri, vikao vya mara kwa mara na mtu wa kumpigia simu anapolegea. Mazoea nayo yanataka muda: Phillippa Lally na wenzake huko London waliona tendo jipya huchukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, wengine siku 18, wengine makadirio yakafika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu, jambo ambalo wanaoweka nadhiri za Januari wangependa kulisikia.

Mapendekezo

Kwanza, tuanze na semina zenyewe. Chai ya saa nne ya leo ilikuwa na maandazi, sambusa, soseji na soda. Karanga, mayai ya kuchemsha, ndizi na maji havizidi gharama hiyo, na asiyevitaka hatalazimishwa.

Pili, Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Siku moja kwa mwezi haitoshi kwa moyo. Faida yake ni kwamba wadogo wanamwona mkubwa akiwa kwenye raba, akitoka jasho, na cheo hakijapungua. Ofisi zilizoacha ziirudie, na wakuu wasitume wawakilishi.

Tatu, kila ofisi inunue mashine ya kupimia presha. Bei yake haifiki posho za kikao kimoja. Iwekwe masijala, ambako kila mtu hupita, isiwekwe kwa mkurugenzi, ambako hakuna anayeingia bila kuitwa.