Willy Gamba Hakuwa Peke Yake
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya maktaba. Katika michango yetu ya mwaka huu fungu moja ni la vitabu, na juu ya fungu hilo tumegawanyika. Wako wanaotaka riwaya za Willy Gamba zinunuliwe, na wako wanaosema hata senti moja isipotee kwa hadithi za bastola. Nimewauliza wenzetu wa pande zote mbili, na nimewauliza pia vijana wa kidato cha pili na cha tatu waliosoma Kufa na Kupona. Nitaeleza kwanza maoni yao, kisha nitatoa yangu.

Kwa faida ya wasiokijua, kitabu hicho ni cha Elvis Musiba, nacho kilitoka mwaka 1974. Siri za wapigania uhuru zinaibwa Dar es Salaam, na mpelelezi Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzirudisha. Vikafuata vingine, kama Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979, kinachompeleka Kinshasa, na Njama cha mwaka 1981. Musiba alifariki mwaka 2010, lakini Gamba bado anapita mkono kwa mkono mabwenini.

Maoni ya kwanza ni kwamba ukisoma kimoja umevisoma vyote. Mkubwa anamwita, safari inaanza, hoteli, mrembo, ngumi, kutekwa, kuponyoka, na mwisho msaliti anagundulika kuwa mtu wa karibu. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliniambia kuwa Gamba akifungwa kamba yeye hana wasiwasi. Anatazama kurasa zilizobaki, akiona ni nyingi anajua mtu wake hafi.

Maoni ya pili ni ya wenzetu wa zamani. Wanasema kitabu hicho kilisomwa kwa zamu hata jalada likang'oka, na mvivu wa kusoma alijikuta amemaliza kitabu kizima cha Kiswahili kwa siku mbili. Hilo si jambo dogo. Anayejua njia hatishwi na giza, na msomaji mchanga akishajua mwenendo wa hadithi hupata ujasiri wa kurukia maneno asiyoyajua na kuendelea mbele.

Maoni ya tatu ni ya mwalimu mmoja wa kike. Anasema mwanamke katika riwaya hizi ama ni pambo ama ni mtego, na wavulana wanaoishi bila dada zao miezi mingi hawapaswi kulishwa hayo peke yake.

Ndugu zangu, sasa langu. Tunaocheka kwamba Musiba alitumia mtindo uleule tunacheka mahali pasipo pake. Tunasema ni porojo kwamba adui angetuma mauti mpaka katikati ya mji wetu. Lakini tarehe 3 Februari 1969 Dkt. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam na bomu lililotegwa ndani ya kitabu kilicholetwa kwa posta. Tunasema tumechoka na msaliti wa ndani. Lakini Januari 1973 Amílcar Cabral aliuawa mjini Conakry, na waliomuua walikuwa watu wa chama chake mwenyewe. Msomaji wa mwaka 1974 hakuhitaji kuelezwa kwamba mambo hayo hutokea.

Jambo lisilo la kweli katika riwaya hizi ni lile tusilolicheka kamwe, yaani kwamba mtu mmoja aliweza peke yake. Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilifanya kazi Dar es Salaam tangu mwaka 1963 mpaka 1994, na kuanzia mwaka 1972 katibu wake mtendaji alikuwa Hashim Mbita. Hiyo ni miaka zaidi ya 30 ya mikutano, michango, mizigo na barua. Wapiganaji walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Wanavijiji wa mpakani, Mtwara na Ruvuma, waliishi na hofu ya mabomu ya Wareno. Mazimbu, Morogoro, shamba la zamani la mkonge lilitolewa kwa wakimbizi wa Afrika Kusini wajenge shule. Na kwa swali la mwalimu wetu, yupo Josina Machel, aliyekuwa katika kikosi cha wanawake cha FRELIMO na kushughulikia watoto wa vita. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1971, akiwa na miaka 25. Hakuwa pambo la mtu wala mtego wa mtu.

Vijana, hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Kijana anayemsubiri Willy Gamba hatashika jembe la mradi wa shule, wala hatahudhuria kikao. Atakaa akingoja shujaa mwenye bastola aje kumaliza shida. Nchi hizi hazikukombolewa hivyo, na mabweni haya hayatakarabatiwa hivyo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano upitishe mambo mawili. Kwanza, riwaya za Musiba zinunuliwe, nakala za kutosha, kwa sababu zinasomwa, na kitabu kisichosomwa ni ubao tu. Pili, kwenye rafu hiyohiyo viwekwe vitabu vya historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na maktaba iweke daftari ambamo kila amalizaye riwaya ataandika jibu la swali moja: ni nani wengine walioifanya kazi hii, ambao mwandishi hakuwataja?

Atakayejibu swali hilo vizuri amekisoma kitabu kuliko sisi tulivyokisoma.