Mahakama Inapomlaumu Mtumishi wa Umma
(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Ifakara)



Katika Bonde letu la Kilombero hatukosi malalamiko juu ya watumishi wa umma, hasa katika mambo ya ardhi na mifugo. Shauri likifika mahakamani, wengi wetu hatungojei hukumu tu. Tunangojea pia hakimu amkemee mkubwa fulani mbele ya watu. Asipomkemea twasema, "Mwenye nguvu mpishe," tukarudi nyumbani tukiamini kwamba mahakama imeogopa. Tujiulize leo: je, kila hakimu anayepima maneno yake ni mwoga?

Tuichukue kesi iliyowagusa majirani zetu wa ng'ambo ya mto. Mwezi Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa na polisi katika msitu wa Pande, Dar es Salaam. Polisi walitangaza kwamba waliouawa ni majambazi. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, nayo ikabaini kwamba marehemu hawakuwa majambazi. Ndipo askari kadhaa waliposhtakiwa kwa mauaji, akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa.

Tarehe 17 Agosti 2009 Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia huru washtakiwa waliobaki katika kesi hiyo. Watu wengi waliumia, na maumivu yao hatuyadharau. Lakini tutazame alichokifanya jaji. Hakusema kwamba hapakuwa na mauaji. Alisema wauaji halisi hawakuwa mbele yake, akaagiza watafutwe. Wala hakumtia mtu hatiani ili kuituliza hasira ya umma. Upande wa mashtaka ulikata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani afisa mmoja, Christopher Bageni, ikamhukumu kifo. Zombe alibaki huru. Juu ya adhabu ya kifo yenyewe Kanisa lina mafundisho yake, na leo hatuingii huko.

Ndugu, watu wale wa Mahenge walitendewa dhuluma mbili. Waliondolewa uhai, kisha wakapewa jina la ujambazi bila kupata nafasi ya kujitetea. Sisi tunaoililia damu yao hatuwezi kudai kwamba mahakama nayo ibandike watu majina bila kuwasikiliza. Ibara ya 13(6) ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, na inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitishwa. Haisemi "kila mtu isipokuwa askari." Nikodemo naye aliwauliza wakuu wenzake kama Sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza (Yoh 7:51).

Swali hili limezitaabisha nchi nyingine pia. Huko India, Jaji Anand Narain Mulla wa Mahakama Kuu ya Allahabad, akishughulikia mwenendo wa afisa mmoja wa polisi, aliandika maneno makali yaliyolihesabu jeshi zima la polisi kuwa kundi kubwa kuliko yote la wahalifu. Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya India iliamuru maneno hayo yafutwe, ikatoa maswali matatu ya kupimia lawama ya namna hiyo. Kwanza, je, anayelaumiwa yuko mbele ya mahakama, au amepewa nafasi ya kujieleza? Pili, je, upo ushahidi unaoithibitisha lawama? Tatu, je, lawama hiyo ni ya lazima ili shauri lipate kuamuliwa?

Maswali haya yana sababu. Neno la hakimu si sawa na neno la sokoni. Linaandikwa katika kumbukumbu, linaweza kumvunjia mtu kazi na heshima, na yule asiyekuwa mhusika katika shauri hana mahali pa kulijibia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata hivyo, tusikosee: kiasi si ukimya. Afisa akithibitika kuwa amesema uongo chini ya kiapo, au amepiga mtu ili akiri, au ameghushi hati, na uamuzi unategemea jambo hilo, hakimu ana wajibu wa kuliandika waziwazi, hata kama mtu huyo ni mkubwa namna gani. Ibara ya 107B inamwacha huru, afungwe na Katiba na sheria tu. Hakimu anayeficha kosa lililothibitika kwa kumheshimu mwenye cheo hana kiasi. Huyo ameisaliti haki. Kiasi cha kweli hulaumu tendo lililothibitika na mtu aliyelitenda, basi.

Nasi tufanye nini katika kamati zetu za haki na amani?

Kwanza, barua zetu juu ya mtendaji au afisa tuzipime kwa maswali yale matatu. Tuandike tarehe, mahali, hati na mashahidi, tuache matusi.

Pili, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, mabaraza ya kata husuluhisha tu migogoro ya ardhi, hayaiamui. Tuwafahamishe wanajumuiya wasipoteze muda wakitafuta hukumu huko.

Tatu, hukumu ikitoka, tuisome kabla ya kuishutumu. Ikiwa kosa la afisa lilithibitika na lilihitajika katika uamuzi, lakini hakimu akalipita, njia ni rufaa. Ikiwa halikuwa sehemu ya shauri, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na kwa rushwa ipo TAKUKURU.

Familia za Mahenge zilingoja zaidi ya miaka kumi kuusikia uamuzi ule wa rufaa. Tuwaombee marehemu wao. Na tukitaka wengine wasingoje hivyo, tujifunze kupeleka mahakamani ushahidi ambao hakimu hawezi kuupita.