Franga inayolala inakonda

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Dilolo



Komite imeombwa iseme juu ya mambo mawili yaliyotugawanya tangu mkutano uliopita. La kwanza: sanduku letu lina franga nyingi kuliko zamani, lakini malata tuliyopanga kununua hatuyafikie. Watu wanauliza, franga zimekwenda wapi? La pili: kundi moja linataka tuchange, tutengeneze njia na masomo ya batoto sisi wenyewe. Kundi lingine linasema hiyo ni kazi ya Serkali, tusitoe hata franga moja. Sisi wa komite tunaona maswali haya mawili ni swali moja. Njo maana tunaomba mtusikilize mpaka mwisho kabla ya kupiga kura.

Tuanze na sanduku. Hakuna aliyeiba. Vitabu viko pale mezani, kila mwanachama anaweza kuvisoma. Hesabu ya franga iko yote. Kilichopunguka ni nguvu yake. Mwanzo wa mwaka 2023 dola moja ilibadilishwa kwa franga kama 2,000. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Tuseme mtu aliweka franga 100,000 wakati ule wa kwanza: aliweka kama dola 50. Noti zile zile, bila mtu kuzigusa, zikabaki karibu dola 35. Na sisi hapa malata, munyu, sabuni na mafuta vinatoka mbali, vinahesabiwa kwa dola kabla havijafika sokoni. Franga inayolala inakonda. Mwalimu anayelipwa kwa franga anakonda nayo.

Bakubwa walio hapa hawahitaji kufundishwa ugonjwa huu. Wengine wetu walikimbia Angola mwaka 1977, vita vya Shaba vilipofika hapa Dilolo, Kisenge na Mutshatsha. Wengine walizaliwa kule. Ugonjwa tumeuona pande mbili za mpaka. Desemba 1979, Mobutu aliondoa noti za zaire 5 na 10, watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha, na kwa kiasi kilichopimwa. Aliyekuwa mukini, mbali na benki, noti zake zikawa karatasi ya kuwashia moto. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa karibu 9,800% ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1998 ikaja franga tunayotumia leo, moja kwa zaire mpya 100,000. Na kule Angola? Mwaka 1996 bei zilipanda zaidi ya 4,000%, na mwisho wa 1999 kwanza mpya moja ilichukua nafasi ya milioni moja za zamani. Aliyeficha noti zake huku alipoteza. Aliyezificha kule naye alipoteza.

Ilitoka wapi? Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na Serkali ilikula humo. Mwaka 1994 zilibaki kama tani 30,000. Mapato yalikufa, lakini matumizi ya wakubwa hayakufa. Serkali ikachapa noti. Noti zikawa nyingi, mahindi yakabaki yale yale. Noti nyingi zikikimbilia mahindi kidogo, mahindi yanapanda bei. Mama yeyote anayeuzisha kwa meka anajua hesabu hiyo kuliko waziri.

Sasa wengine wanamaliza hapo na kusema: basi, Serkali ikitumia franga, bei inapanda, heri isitumie. Hapa sisi tunasema hapana. Inategemea imetumia kwa kitu gani.

Angalieni reli yetu. Njia ya treni toka Lobito ilifika Kongo kupitia Luau na Dilolo, na tangu 1931 ikaungana na migodi ya Katanga. Dilolo ilikuwa mlango wa nchi. Agosti 1975, kwa sababu ya vita vya Angola, njia ile ikafungwa. Manganezi ya Kisenge ikakosa pa kutokea. Mlango ukawa kisogo: kila kitu kikawa kinatoka Kolwezi, zaidi ya kilometa 400, na wakati wa mvua lori linalala njiani. Mfuko wa simenti ukifika hapa, tunalipa bei ya simenti na bei ya matope. Bei hiyo ya matope haikutoka kwenye mashini ya noti. Ilitoka kwenye njia ambayo hakuna aliyeitengeneza.

Kwa hiyo, Serkali ikitumia franga kwa misafara, kwa magari ya wakubwa, kwa mishahara ya watu wasiokuwako kazini, franga zinaongezeka sokoni na chakula hakiongezeki. Bei inapanda. Ikitumia franga zile zile kwa daraja, mihogo yetu inatoka, simenti inaingia, na bei ya matope inapunguka. Benki Kuu inaweza kupandisha riba mpaka 25%, kama ilivyofanya Agosti 2023, lakini riba haitengenezi daraja.

Mtasema: treni imerudi. Kweli. Angola ilitengeneza njia yake mpaka Luau. Mwaka 2018 manganezi ya Kisenge ilianza tena kwenda Lobito, na tangu mwisho wa 2023 shaba ya Kolwezi inapita njia hiyo. Tunafurahi. Lakini treni inayopita na shaba bila kubeba muhogo wa mtu wa Dilolo, kwetu ni kelele tu. Tunapaswa kuomba behewa la mizigo yetu na pahali pa kuipakia, na kuomba sasa, wakati wakubwa wangali wanaongea juu ya kutengeneza upande wa Kongo.

Je, franga za kutumia ziko? Ziko. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, na sehemu kubwa ilitoka hapa Lualaba. Sheria ya migodi ya tarehe 9 Machi 2018 inasema kampani inalipa 3.5% kwa shaba na 10% kwa kobalti. Kila dola 100 za malipo hayo zinagawanywa hivi: 50 kwa Serkali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta ao usultani ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Sikieni vizuri zile 15. Migodi mikubwa ya shaba iko Kolwezi na Fungurume, haiko Dilolo. Zile 15 zinabaki kule. Sisi mlango wetu ni zile 25 za jimbo, na hizo zinagawanywa ndani ya bajeti inayopigiwa kura kule Kolwezi, katika kikao kinachofunguliwa kila mwisho wa Septemba. Asiyesema kabla ya kikao kile anangoja makombo. Tena Katiba, kifungu cha 175, inasema majimbo yapate 40% ya mapato ya taifa, na hizo hazijafika zote hata mwaka mmoja. Na ile programu ya maendeleo ya teritwari 145, ya karibu dola bilioni 1.6, iliahidi masomo, vituo vya afya na majengo ya utawala katika kila teritwari. Dilolo ni moja ya zile 145. Tuna haki ya kuuliza, kwa barua, kila jengo limefika wapi.

Lakini kuna jambo moja linalotugusa sisi tuliorudi kuliko wengine wote. Serkali inagawa vitu kwa hesabu ya watu, na nchi hii ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Wakati ule wengi wetu tulikuwa Angola. Kwenye karatasi, hatuko. Masomo ya watoto 200 yakipokea watoto 500, balimu si wabaya na Serkali haishangai, kwa sababu wale 300 hakuna aliyewaandika popote.

Kwa hiyo komite inaleta mapendekezo matatu, na tutayapigia kura moja moja.

La kwanza, sanduku lisilale kwa franga. Sehemu moja inunue malata mara tu michango inapoingia, hata kama ni malata kumi tu. Sehemu nyingine ipewe bamama wa biashara kwa likelemba, wairudishe kwa bei ya kitu, wala si kwa hesabu ya noti. Sehemu ya matibabu na matanga iwe nusu dola, nusu franga. Kwa nini tusiweke yote kwa dola? Kwa sababu mwaka 2025 franga ilipata nguvu kwa ghafula, na wale waliokuwa na dola tu walilia, maana bei za soko hazikushuka kwa mwendo ule.

La pili, tusitengeneze kitu cha Serkali kimya kimya. Tutatoa mikono yetu, mchanga na matofali. Lakini kwanza barua ipelekwe kwa chifu wa sekta na kwa msimamizi wa teritwari, ikieleza sisi tunatoa nini na wao watoe nini, na nakala yenye muhuri ibaki kwetu. Bila barua, kazi yetu itaandikwa kesho kwa jina la mwingine, na bajeti yake italiwa.

La tatu, tuandike familia zetu zote, nyumba kwa nyumba: watu wangapi, watoto wangapi wenye umri wa kusoma, nani hana karatasi ya kuzaliwa. Hesabu hiyo ifike Kolwezi mikononi mwa wabunge wetu wa jimbo kabla ya Septemba. Vijana waliosoma, kazi hiyo ni yenu.

Ndugu mmoja alituambia: tumezoea kuhama, tutazoea na bei. Sisi hatukubali. Tulirudi ili tukae. Anayekaa anauliza hesabu ya kijiji chake. Sasa tupige kura.