Kabla ya Kununua Nyumba ya Zamani, Kagua Kilicho Chini ya Uwanja

Ukinunua nyumba ya zamani, ofisi ya ardhi itakuonyesha mmiliki na kama shamba limewekwa rehani. Haitakuonyesha choo cha shimo kilichofukiwa wala tangi la maji taka lililosahaulika. Mbao zilizofunika shimo zikioza, ardhi hutitia na mtoto anaweza kutumbukia.

Muulize muuzaji, na majirani wa siku nyingi, choo cha zamani kilikuwa wapi. Kisha kagua uwanja: pahali palipobonyea, nyasi zilizonawiri kiangazi, au bomba la hewa lililobaki peke yake. Ukiwa na shaka, usikanyage. Mwite fundi achunguze, na shimo lijazwe kifusi na kushindiliwa kabla hujalipa.