Maneno juu ya Kukandwa Mgongo

Sisi tuinuao mataruma ya reli twajua mgongo ni nini. Reli haikufika kwetu Meru wala Embu. Iliishia Nanyuki. Basi mwenye maumivu hurudi nyumbani kwa gari, na likizo yake huishia kwa mama mkandaji.

Yuko mmoja upande wa Chuka tuliyemzoea. Alifundishwa na mama mkwe wake, akaanza na wazazi waliojifungua. Baadaye akawa mtu wa viuno, mabega na vifundo vilivyoteguka. Hupasha moto mafuta ya mbarika, lakini hakimbilii kukanda. Huuliza kwanza: Uliinua nini? Maumivu yashuka mguuni? Wakojoa vizuri? Kisha vidole vyake hupita polepole, kama mtu achaguaye mawe katika maharagwe. Mfupa uliovunjika haugusi kabisa.

Tulimpelekea mwenzetu mwenye ganzi mguuni. Akafunika mafuta yake. "Mwanangu, huu si wa mikono yangu. Nenda Chogoria." Tulikasirika, maana nauli ilikuwa imekwisha. Hospitali hiyo ilianzishwa na misheni ya Scotland mwaka 1922, na huko daktari aliona mshipa wa fahamu umebanwa, akaandika.

Karatasi ile ndiyo iliyotakiwa kwa fidia chini ya sheria ya mwaka 2007. Mafuta hayatoi karatasi. Lakini mwenzetu siku ile hakumwambia nyapara, aliona haya. Akaulizwa: Nani alikuona ukiumia? Tulimwona sisi, wawili, tukaenda kusema.