Siha ya Mke Anayemwuguza Mumewe

Katika vijiji vyetu vya Ngara na Biharamulo, mzee akianza kusahau majina ya wanawe, akapotea njia ya shamba alilolilima tangu ujana wake, na akaamka usiku wa manane akitaka arudishwe kwao ilhali yumo ndani ya nyumba yake mwenyewe, watu husema kwamba uzee umemfika, wakanyamaza. Na wengine, Mungu awasamehe, hunong'ona habari za uchawi, na fitina hiyo aghalabu humwangukia mkewe. Lakini haya ni maradhi ya ubongo, yana dalili zake zijulikanazo na matabibu, wala hayakuletwa na mke wala na jirani. Wataalamu waliowapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, waliona kwamba kiasi cha 6 katika kila 100 wanayo, nami sioni sababu ya kudhani kwamba wazee wa mkoa wetu wa Kagera wamesalimika.

Leo, hata hivyo, sikusudii kumzungumzia mgonjwa. Nataka kumsemea mwenziwe, ambaye hapa kwetu mara nyingi ni mke mwenye miaka sitini au sabini, na watoto wake wamekwisha kutawanyika, huyu Mwanza, huyu Dar es Salaam, huyu migodini Geita.

Tuitazame siku yake kwa karibu. Usiku hulala karibu na mlango, na kamba ameifunga toka kwenye komeo hadi mkononi mwake, ili mzee akiugusa mlango yeye azinduke. Na kwa kuwa mzee huugusa mara tatu au nne kabla ya kucha, usingizi wake ni wa vipande vipande. Alfajiri inambidi ateremke bondeni kuteka maji, wala hawezi kumwacha mumewe peke yake kando ya mafiga yenye moto, basi humshika mkono wakateremka wote wawili, kisha wakaupanda mlima, ndoo i kichwani na uzito wa mume u begani. Mchana hutuhumiwa wizi: mzee ameficha fedha zake mwenyewe chini ya godoro, akasahau, akamwita mkewe mwizi mbele ya wajukuu, neno ambalo katika umri wote wa ndoa yao hakupata kumtamkia. Huzuni ya mke huyu haina matanga wala rambirambi, maana aliyemtoka yungali hai. Na siku yake ya kliniki ya presha imepita bila yeye kwenda, kwa sababu kutoka Nyakahura hadi mjini Biharamulo, au kutoka vilima vya mpakani hadi hospitali ya Murgwanza, ni safari ya kutwa, na hana wa kumwachia mgonjwa.

Tuseme basi kwamba siku moja jembe limemkata muundi, na kidonda hakitaki kupona. Mwaka 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, waliwatia kidonda kidogo cha kipimo kimoja mkononi wanawake waliokuwa wakiuguza jamaa zao wenye maradhi haya, na wanawake wengine wa umri wao wasiokuwa na mgonjwa. Vidonda vya wale waliokuwa wakiuguza vilikawia kupona siku 9 zaidi. Fadhaa isiyokatika na kukosa usingizi huudhoofisha ulinzi wa mwili, hupandisha shinikizo la damu, na huifanya homa ndogo kuwa kubwa.

Miaka minne baadaye, mwaka 1999, Richard Schulz na Scott Beach wa Pittsburgh walitoa habari za wazee waliowauguza wenzi wao, waliowafuatilia kwa muda wa miaka 4. Wale waliokiri kwamba kazi hiyo imewaelemea, hatari yao ya kufa ilizidi kwa asilimia 63 kuliko wazee wasiokuwa na wa kumwuguza. Lakini wale waliouguza pasipo kuelemewa, hatari yao haikuonekana kuzidi. Nawasihi mlizingatie hilo, kwa maana linatuhusu sisi tulio kando ya nyumba ile. Mapenzi ya mke kwa mumewe hayamdhuru. Kinachomdhuru ni kuachwa peke yake na kazi hiyo.

Nasi humwacha, tena kwa maneno matamu. Tunafika na sukari na mkungu wa ndizi, tunamjulia hali mzee, tunasema kwamba amejaliwa mke mwema, kisha tunaaga. Sifa hiyo humfunga kinywa, kwani mke mwema atasemaje kwamba amechoka? Waume wanaowauguza wake zao, nao wapo, huona haya zaidi hata kutamka.

Kwa hiyo naomba mambo machache yaliyo katika uwezo wetu. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, misikiti na majirani waweke zamu ya kukaa na mzee kutwa moja kila juma, si kwa kumtembelea tu, bali hata mke aende kliniki na kurudi. Watoto walio mbali, fedha mnazotuma kwa simu ni ihsani, lakini haziwezi kukesha; mmoja wenu aje, alale katika nyumba ile hata kwa majuma mawili, mama apate kulala usiku mzima. Nanyi wauguzi wa zahanati na wahudumu wa afya mnaopita majumbani, mnapompima mzee, mpimeni na mkewe presha. Mwulizeni faragha, pasipo mumewe kusikia, analala saa ngapi, amekula nini, na ni lini mara ya mwisho alipopata dawa zake. Na majibu hayo myaandike katika daftari lake yeye.