Moshi wa Kiwanda cha Chai na Bonasi ya Mkulima

(Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya wakazi wa maeneo yanayolima majani chai)



Mada ya leo ni namna kampuni inayotengeneza bidhaa inavyoweza kupunguza hewa ya kaboni inayoitoa. Mara nyingi mada hii huzungumziwa mijini, kwenye kumbi za hoteli, na kwa Kiingereza. Lakini huku milimani kiwanda kilicho karibu na mwananchi si cha saruji wala cha chuma. Ni cha majani chai, na bomba lake la moshi linaonekana kutoka shambani. Tena viwanda vingi vya aina hiyo ni mali ya wakulima wenyewe. Chini ya KTDA kuna viwanda takriban 70, vinavyopokea majani ya wakulima wadogo zaidi ya 600,000. Kuni zinazoteketea bure pale kiwandani hulipwa na mkulima, kwa sababu gharama yake hukatwa kabla bonasi haijagawanywa.

Kwanza ieleweke joto linakwenda wapi. Jani likichumwa, karibu asilimia 80 ya uzito wake ni maji. Chai ikitoka kwenye mashine ya kukausha, maji yaliyobaki ni asilimia 3 hivi. Kwa hivyo katika kila kilo 100 za majani mabichi, karibu kilo 79 za maji lazima ziondoke. Majani yakinyaushwa vizuri hadi maji yafike asilimia 70, kilo 33 huwa zimeshatoka, nyingi kwa upepo wa feni tu. Kilo 46 zinazosalia hufukuzwa kwa moto: kuni huwashwa kwenye boila, boila hutoa mvuke, na mvuke hupasha hewa inayokausha chai.

Sasa, majani yakinyaushwa kwa haraka na maji yakaachwa asilimia 74 badala ya 70, mzigo wa moto hupanda kutoka kilo 46 hadi 56. Hiyo ni zaidi ya moja ya tano, na hakuna kilo hata moja ya chai iliyoongezeka. Msimu wa mvua hauna wa kulaumiwa. Hata hivyo fundi wa kunyausha anayejua kazi yake anaweza kuokoa kuni nyingi bila mashine mpya ambayo kampuni ingenunua kwa mkopo.

Hapa ndipo ushauri unaotolewa ng'ambo unapopotosha. Huko, kampuni huambiwa ianze kwa kutafuta umeme safi, kwa kuwa umeme wa nchi nyingi hutokana na makaa ya mawe na gesi. Kenya ni tofauti. Takriban asilimia 90 ya umeme wa gridi yetu hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya maji, upepo na jua. Katika kiwanda cha chai, zaidi ya robo tatu ya nishati inayotumika ni joto, na umeme ni sehemu ndogo. Paneli za sola juu ya paa hupunguza bili, na zinapendeza kwenye picha, lakini kampuni inayoanzia hapo huku boila lake likivuja imeanza na jambo dogo.

Lililo zito ni kuni. Kilo moja ya kuni ambazo nusu ya uzito wake ni maji hutoa joto la karibu megajuli 8. Kilo ya kuni zilizokauka hadi maji yakabaki asilimia 20 hutoa megajuli 14 hivi. Tofauti hiyo inatokana hasa na maji kuchukua nafasi ya kuni zenyewe katika uzito huo, na kwa kiasi kidogo na moto kujichosha kuchemsha maji yaliyomo ndani ya gogo kabla ya kupasha boila. Kiwanda kinachonunua kuni mbichi kwa uzito, basi, kinanunua maji. Kikinunua kwa mita za ujazo hakipunjiki sana, lakini moto wa kuni mbichi bado huwaka kwa shida, hutoa moshi mzito na kuacha masizi kwenye mabomba ya boila. Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka mbali: kupasua magogo yawe membamba, kuyapanga chini ya paa lenye upepo pande zote, kuyaacha miezi kadhaa, kisha kuyapima unyevu kwa kifaa kidogo kabla ya kuyachoma. Ugumu uko kwenye fedha. Kuni za miezi sita zikiwa bandani ni pesa zilizolala, na si kila bodi ya wakurugenzi iko tayari kuzilaza.

Kuna wanaosema kuni hazina kaboni kwa kuwa mti hukua tena. Ni kweli pale tu mti unapopandwa na kufikia ukubwa wa ule uliokatwa. Kuni zilizotoka msitu wa asili bila kurudishwa zimeongeza kaboni hewani sawa na mafuta. Na kupanda kwenyewe kuna masharti. Mikaratusi hukua haraka na hunywa maji mengi, hivyo haifai kando ya mito na chemchemi ambazo wanakijiji wanazitegemea. Kila gogo lisilochomwa ni sehemu ya shamba inayoweza kubaki na chakula au na miti ya kiasili.

Baada ya kuni ni mvuke. Bomba lisilovikwa kizuia joto hupasha hewa ya ukuta mchana kutwa. Maji moto yanayotokana na mvuke uliopoa yakimwagwa mtaroni, joto lililolipiwa limekwenda nayo, ilhali kuyarudisha kwenye boila ni kazi ya bomba na pampu. Kanuni wanayotumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 6 za Selsiasi zinazoongezwa kwenye maji yanayoingia boilani huokoa asilimia 1 hivi ya kuni. Maji yanayorudi yakiwa na nyuzi 80 badala ya 20, hesabu hiyo inafika asilimia 10.

Upande wa umeme, feni za kunyausha ndizo za kuangaliwa. Kasi ya feni ikipunguzwa kwa asilimia 20, umeme inaotumia hupungua karibu nusu. Ndiyo maana kifaa cha kurekebisha kasi ya mota hulipa haraka pale ambapo feni huachwa zikivuma kwa nguvu zote usiku kucha. Umeme ukipotea na jenereta likawashwa, kila lita ya dizeli hutoa kaboni kilo 2.7. Baadhi ya viwanda vimepata suluhisho mtoni: kiwanda cha Imenti, Meru, kilijenga mtambo mdogo wa umeme wa maji wa karibu megawati 1 na kuuzia gridi umeme wa ziada.

Nje ya ua wa kiwanda kuna malori ya majani na barabara mbovu, na kuna mbolea. Sehemu ya nitrojeni inayozidi mahitaji ya shamba hugeuka gesi ambayo nguvu yake ya kupasha dunia ni karibu mara 270 ya ile ya kaboni. Hilo linastahili mazungumzo yake pekee.

Vipi kuhusu kununua vyeti vya kaboni? Kampuni ambayo haijaziba mvuke wake haina haraka ya kumlipa mwingine apande miti kwa niaba yake. Jamii inayofuatwa na madalali wa miradi hiyo ikumbuke kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, inaitaka miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka.

Yote haya huanza kwa kupima. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zilikitaka kila kiwanda kinachotumia kilowati-saa 180,000 au zaidi kwa mwaka kikaguliwe matumizi yake ya nishati kila miaka mitatu. Muungano wa watengenezaji bidhaa, KAM, una kituo chake kinachofanya kazi ya ukaguzi kama huo. Ripoti ikishatoka, huwa na orodha ya hasara na gharama ya kuziziba.

Mkulima mwenye hisa anaweza kuiulizia katika mkutano mkuu wa mwaka. Ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini? Ni mapendekezo mangapi yaliyotekelezwa? Kiwanda kilitumia mita ngapi za ujazo wa kuni kwa kila tani ya chai mwaka huu, na mwaka jana zilikuwa ngapi? Swali hili la mwisho linajibika kwa tarakimu mbili tu, na meneja wa kiwanda anazo kwenye daftari la boila.